SI KILA DEGEDEGE NI MALARIA

Najua kurasa zilizotangulia mmesoma mashairi ya mapenzi na hadithi za sungura, na huenda hivi sasa mnapekua mkitafuta ukurasa wa vichekesho. Vichekesho havitakimbia. Naomba dakika chache za walimu wetu wapendwa na za ndugu zangu wanafunzi, maana jambo nililonalo halicheki.

Hoja yangu ni hii. Hospitali kubwa za huku kwetu, kuanzia Bungoma hadi Kitale, zinapaswa kuwa na uwezo wa kupima maji ya mgongo ya mtoto mgonjwa kwa mashine ya haraka ya molekuli, jibu litoke siku hiyo hiyo, si wiki ijayo. Tena mashine hizo ziwe zinatafuta vijidudu vinavyotuua sisi, si vile vinavyowasumbua watu wa mbali peke yake. Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya madaktari, mwanafunzi wa kidato cha tatu anayahusu nini? Nawajibu kwamba wagonjwa wenyewe si madaktari. Ni wadogo zetu.

Kwanza tuelewane maneno. Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa kwa utando, na ndani ya utando huo mna maji maangavu. Vijidudu vikiingia humo, mtoto hupata homa ya uti wa mgongo. Vikiingia ndani ya ubongo wenyewe, ubongo huvimba. Mtoto hushikwa na homa kali, hutapika, shingo hukakamaa, hulia kwa sauti ambayo si yake, hupata degedege, kisha hulegea na kupoteza fahamu. Mtoto mchanga ni mgumu zaidi kumtambua kwa sababu shingo yake huenda isikakamae hata kidogo. Anakataa kunyonya tu, na pengine utosi unafura. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watu 6 wanaopata homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria, mmoja hufa, na katika kila 5 wanaougua, mmoja hubaki na kilema kikubwa.

Sasa shida iko hapa. Malaria iliyopanda kichwani hufanya karibu mambo hayo hayo, na malaria hapa kwetu ni mwenyeji, wala haihitaji kubisha hodi. Si bure Bungoma ilikuwa miongoni mwa kaunti 8 ambamo chanjo ya kwanza ya malaria ilianza kutolewa kwa majaribio nchini Kenya mwezi wa Septemba 2019. Msimu wa mvua ukifika, ukiwatoboa vidole watoto wanaocheza uwanjani wakiwa wazima kabisa, baadhi yao watapatikana na vimelea vya malaria katika damu. Mwili wao umevizoea. Kwa hiyo mtoto akiletwa na degedege, kidole kikatobolewa, kipimo kikaonyesha malaria, je, tumejua kinachomshika? Tumejua tu kwamba ana malaria katika damu. Kilichomo ndani ya kichwa chake hatujakiona.

Wataalamu waliofanya kazi Blantyre, nchini Malawi, walieleza jambo hili mwaka 2004 kwa njia ya kusikitisha. Waliichunguza miili ya watoto 31 waliokuwa wamekufa, na ambao kwa dalili zote wakiwa hai walikuwa wamesemwa wana malaria ya kichwani. Watoto 7 kati yao hawakuuawa na malaria. Walikufa kwa sababu nyingine kabisa. Saba kati ya thelathini na mmoja, ndugu zangu, karibu robo! Na hiyo ni hospitali kubwa yenye watafiti waliobobea. Sasa fikirieni kliniki ya kando ya barabara yenye kiti kimoja na boksi la vipimo vya kidole.

Sisemi haya kwa kuokota mitaani. Mtoto wa shangazi yangu alishikwa na homa akiwa na miaka 3. Akapelekwa kwenye kliniki moja, akatobolewa kidole, ikasemwa ni malaria, akapewa dawa, akarudi nyumbani. Usiku wa pili degedege ikaja. Majirani wakasema apakwe mafuta, wengine wakasema ni macho ya watu. Asubuhi akarudishwa pale pale, ikasemwa malaria tena, safari hii akadungwa sindano. Katikati ya hayo shangazi alikuwa amemnunulia vidonge vya antibiotiki kwenye duka la dawa, nusu dozi, kwa sababu pesa ziliishia hapo. Siku ya nne shingo ilikuwa ngumu kama ubao. Ndipo akapakiwa kwenye bodaboda, amebanwa katikati ya mama na shangazi, hadi hospitali kubwa. Huko wakatoa maji ya mgongo yakaonekana yamechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Wakayaweka maabara yaoteshwe ili kijidudu kijulikane. Hakikuota kitu. Vile vidonge vya nusu dozi vilikuwa vimeua vijidudu vya kutosha kutuficha jina lao, lakini havikuua vya kutosha kumponya mtoto.

Alipona, Mungu ni mkubwa. Lakini hasikii. Shangazi akitaka kumwita akiwa upande wa pili wa boma hupunga leso hewani mpaka mtoto aione. Kanisani watu wakipiga makofi yeye hutazama mikono yao kwanza, halafu anapiga na yeye, nyuma kidogo ya wengine. Na mpaka leo hakuna mtu anayeweza kutuambia ni kijidudu gani kilichochukua masikio yake.

Kipimo cha molekuli kingesaidiaje? Hebu niwaeleze nilivyoelewa, baada ya kumsumbua dada yangu anayesomea uuguzi na kuperuzi kwenye simu ya mama mpaka bando likaisha. Kila kiumbe hai kina maandishi yake ya urithi, ile DNA tunayoisoma katika Biolojia. Maandishi ya kijidudu hiki si sawa na ya kile. Mashine huchukua maji kidogo, ikatafuta kipande cha maandishi ya kijidudu fulani, na ikikipata hukinakili. Kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, vinne vinane. Mwalimu wa Hisabati atafurahi kusikia kwamba baada ya mizunguko 30 ya namna hiyo, kipande kimoja kinakuwa zaidi ya bilioni 1, na kitu kilichokuwa hakionekani sasa kinapiga kelele. Aliyebuni njia hiyo ni Mmarekani aitwaye Kary Mullis, mwaka 1983, na mwaka 1993 akapewa Tuzo ya Nobeli.

Uzuri wake mkubwa kwa watu kama sisi ni huu: kijidudu kilichouawa na vidonge vya duka la dawa hakiwezi kuoteshwa, ila maandishi yake bado yamo ndani ya maji. Maiti haisemi, lakini kitambulisho chake kiko mfukoni. Kuotesha bakteria huchukua siku mbili tatu, na kile cha kifua kikuu huchukua wiki kadhaa. Mashine humaliza kazi kwa saa moja au mbili.

Ushahidi ulio karibu zaidi na sisi hauko Ulaya. Uko Mbale. Ukipanda gari kutoka Bungoma ukavuka mpaka Malaba au Lwakhakha, unafika siku hiyo hiyo na kuwapata ndugu zetu Wamasaba wanaozungumza lugha ambayo bibi yangu huielewa bila mkalimani. Upande ule wa Mlima Elgon kuna hospitali ya watoto iitwayo CURE, ambayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikiwapasua watoto waliojaa maji kichwani. Mnawajua watoto hao. Kichwa kinakua kila wiki, macho yanatazama chini, mama anamfunika kwa shuka akipita sokoni ili watu wasimtazame.

Daktari Benjamin Warf, aliyefanya kazi pale, aliandika mwaka 2005 kwamba katika watoto 300 aliowahudumia, 60 kwa kila 100 walikuwa wamepatwa na hali hiyo baada ya kuambukizwa ugonjwa ubongoni. Yaani hawakuzaliwa hivyo. Walizaliwa wazima, wakashikwa na homa wakiwa wachanga, wakapewa dawa, homa ikaondoka, mama akarudi nyumbani akimshukuru Mungu. Kisha baada ya wiki kadhaa kichwa kikaanza kukua.

Kijidudu gani? Kwa miaka mingi hakuna aliyejua. Maji ya vichwa vya watoto hao yalioteshwa maabara mara kwa mara, na mara kwa mara hayakuota kitu. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba visa hivyo hupanda na kushuka kufuatana na majira ya mvua, kwa hiyo walijua adui yuko mahali fulani katika mazingira, lakini sura yake hawakuijua. Mwishowe kundi lililoongozwa na Daktari Steven Schiff lilichukua maji ya watoto wachanga 100 wa Mbale, 64 wakiwa wale walioambukizwa na 36 wakiwa wale ambao hawakuwahi kuambukizwa, wakasoma maandishi ya urithi ya kila kijidudu kilichokuwemo. Mwaka 2020 wakatangaza walichokipata: bakteria aitwaye Paenibacillus thiaminolyticus, ambaye karibu hakuna daktari aliyekuwa akimfikiria kama muuaji wa watoto. Mara nyingi alikuwa ameandamana na virusi. Hatimaye walifaulu kumwotesha kutoka kwa watoto watatu tu, na aina hiyo wakaipa jina la Mbale.

Mimi niliposoma hayo niliweka simu chini. Kijidudu chenye jina la mji ambao mjomba wangu huenda kununua ndizi! Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hiki kilikuwa nguoni mwetu miaka yote, vipimo vya kuotesha vikituambia hakuna kitu. Baadaye watafiti waliwapima watoto wachanga 800 wa Uganda waliokuwa wamelazwa kwa maambukizi ya damu, wakakikuta pia kwa baadhi yao. Tena kuna jambo la kuogofya zaidi. Kijidudu hicho mara nyingi hakisikii ampisilini, dawa ambayo ni miongoni mwa zile za kwanza anazopewa mtoto mchanga mwenye maambukizi. Hivyo mtoto anatibiwa kwa moyo wote na kwa dawa isiyofaa.

Mpaka wa Uganda na Kenya ulichorwa na watu, wasomaji wangu. Mvua haiujui. Udongo wa upande ule ndio huu tunaoulima. Nani ametazama maji ya watoto wa Bungoma ili atuhakikishie kwamba kijidudu cha Mbale hakijawahi kuja Chwele siku ya soko?

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema: basi tununue mashine kama ile ya Wazungu, kazi iishe. Ipo mashine moja maarufu, FilmArray, ambayo kipimo chake cha maji ya mgongo kiliidhinishwa Marekani mwaka 2015. Unaweka maji kidogo sana, na baada ya takriban saa moja inakuambia kama kuna kimojawapo kati ya vijidudu 14: bakteria 6, virusi 7 na kuvu wa aina moja. Ni kazi ya ajabu, sikatai. Lakini niliisoma orodha yake jina baada ya jina kama mwalimu anayeita daftari la mahudhurio. Kifua kikuu hakimo. Malaria haimo. Kile cha Mbale nacho hakimo. Mashine hiyo ikimpima mtoto mwenye kifua kikuu cha ubongo itasema kwa adabu kwamba haikuona kitu, na mtu asiyejua ataelewa kwamba mtoto ni mzima. Siilaumu. Haikutengenezwa Kanduyi. Ninachosema ni kwamba anayenunua mashine hanunui chuma tu, ananunua na orodha iliyomo ndani yake, na orodha hiyo lazima tuiulizie kabla ya kulipa.

Jambo linaloniudhi zaidi (nisameheni neno) ni kwamba nusu ya kazi tayari imefanywa. Kenya imekuwa na mashine za GeneXpert kwa zaidi ya miaka kumi. Ukienda na kikohozi kisichoisha, makohozi yako huwekwa humo, na kwa muda usiozidi saa mbili jibu la kifua kikuu linatoka pamoja na habari kama dawa ya rifampisini itafanya kazi. Wengi wetu tunadhani mashine hiyo ni ya makohozi tu. Kumbe Shirika la Afya Duniani lilisema tangu mwaka 2013 kwamba itumike pia kupima maji ya mgongo pale kifua kikuu cha ubongo kinaposhukiwa, na mwaka 2017 ikaja katriji kali zaidi, iitwayo Ultra. Katriji ya kifua kikuu ilikuwa dola 9.98 tangu mwaka 2012, na mwaka 2023 ikashushwa hadi dola 7.97. Hiyo ni kama shilingi elfu moja na kitu. Kuna viatu vya shule vinavyozidi hapo.

Lazima niwe mkweli: mashine ikisema hapana, bado daktari mwenye busara hatamwondolea mtoto shaka ya kifua kikuu, kwa maana katika maji ya mgongo vijidudu hivyo huwa vichache mno na vinaweza kuponyoka. Jibu la ndiyo lina nguvu kuliko jibu la hapana. Lakini kati ya kuwa na taa yenye mwanga hafifu na kutembea gizani, mimi nachagua taa.

Katika mdahalo wetu wa muhula wa pili niliitoa hoja hii, na kaka mmoja wa kidato cha nne akanikata makali mbele ya watu wote. Alisema kumpelekea mgonjwa mashine mahali pasipo na glavu wala pamba ni kama kumwonyesha mwenye njaa picha ya ugali. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na haki ya Mungu, alistahili makofi yale. Nimemfikiria tangu siku hiyo. Nakubali kwamba dawa ndiyo ya kwanza. Mtoto anayeshukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo apewe antibiotiki mara moja, asingoje mashine. Lakini baada ya dozi ya kwanza kunakuja siku kumi au zaidi za sindano, kitanda, na mzazi aliyeacha shamba. Ikiwa ni virusi visivyosikia dawa hiyo, tunadunga kwa ajili ya nini? Ikiwa ni kijidudu kisichosikia ampisilini, je, hatupaswi kubadilisha mapema? Glavu na pamba humlinda mgonjwa asipate ugonjwa mwingine, hazituambii ugonjwa alio nao. Kaka yangu alizungumza kama kwamba lazima tuchague kimoja. Mimi naona pesa za siku kumi za dawa isiyofaa zingenunua glavu nyingi sana.

Tena kupima si kwa ajili ya mgonjwa yule mmoja pekee. Tazameni Kilifi, ambako watafiti wa KEMRI wamekuwa wakipima damu na maji ya mgongo ya watoto waliolazwa, mwaka baada ya mwaka. Kwa sababu ya kupima huko, walijua ni watoto wangapi waliokuwa wakiugua kwa bakteria aitwaye Hib, mmoja wa wanaoleta homa ya uti wa mgongo. Kabla ya chanjo walikuwa kama 66 katika kila watoto 100,000 wa chini ya miaka 5 kwa mwaka. Chanjo ikaletwa Kenya mwishoni mwa mwaka 2001, na kufikia mwaka 2004 na 2005 walikuwa wamebaki kama 8. Kama hakuna mtu aliyekuwa akipima, nani angejua kwamba chanjo imefanya kazi? Sindano ile tuliyodungwa sote kwenye paja, ambayo hatuikumbuki, ilitetewa na karatasi za maabara.

Na ugonjwa ukizuka kwa ghafla, kujua jina lake ni dharura. Nairobi mwaka 1989 ilipata mlipuko wa homa ya uti wa mgongo uliofikia takriban wagonjwa 3,800. Mapema mwaka 2006 ugonjwa huo ukazuka Pokot Magharibi, hapo tu ukipita Kitale. Bakteria wa milipuko hiyo ana makundi yake, na chanjo ya kundi moja haikingi kundi jingine. Nigeria ilianza kutumia chanjo mpya ya makundi matano mwaka 2024, ya kwanza duniani, na hiyo itapunguza kubahatisha, lakini siku ya mlipuko bado lazima mtu aseme ni nani aliyeingia.

Lipo jambo moja ambalo serikali haiwezi kutununulia, nalo ni kukubali sindano ya mgongo. Nyumbani kwetu nimesikia kwa masikio yangu wazee wakisema, "Mtoto akitolewa maji ya mgongo hafiki kesho." Nawaheshimu wazee, lakini hapa nawapinga. Mtoto hutolewa maji hayo akiwa tayari mahututi. Akifa, sindano hulaumiwa, na ugonjwa hutoka mlangoni bila kuulizwa chochote. Dada yangu alinieleza kwamba sindano huingia chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kuishia juu yake, na kwamba daktari hutazama kwanza kama mtoto yuko katika hali ya kuvumilia. Asipokuwa tayari, hungoja. Bila maji hayo, mashine ya milioni kadhaa ni pambo la maabara. Hivyo mzazi anayekataa sindano kwa hofu, na mhudumu anayeharakisha bila kumweleza mzazi kinachofanyika, wote wawili wanamfungia mtoto mlango. Ningependa mhudumu aeleze kwa Kiswahili, au hata kwa Kibukusu, kabla ya kuleta karatasi ya kutia sahihi.

Dunia nayo imekwisha kusema. Novemba 2020 mataifa yalikubaliana juu ya mpango wa kuishinda homa ya uti wa mgongo ifikapo 2030, na Aprili 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa kwanza wa dunia nzima kuhusu kuipima na kuitibu. Karatasi tunazo. Lakini mwaka huo huo wa 2025 Marekani ilikata misaada mingi ya afya, na tukajifunza kwamba katriji inayolipiwa na jirani hukoma siku jirani akikasirika. Tangu mwaka 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, kwa hivyo swali la katriji si la Washington, ni la bajeti yetu hapa nyumbani.

Kaunti huwaita wananchi watoe maoni kabla ya kupitisha bajeti. Mikutano hiyo huwa na viti vingi vitupu na wazee wachache wanaouliza habari za barabara. Mimi sina kitambulisho, ila shangazi yangu anacho, na tumekubaliana kwamba mkutano ujao ataenda, nami nimemwandikia maswali yake kwenye karatasi ya daftari. Mwezi uliopita, mashine ya GeneXpert ya hospitali yetu ilipima maji ya mgongo ya watoto wangapi? Katriji zilizopo zimelipiwa na nani, na zitaisha lini? Sampuli za watoto wachanga wa Bungoma zimewahi kutafutwa kijidudu cha Mbale, na kama bado, nani atazipeleka? Na mtoto akiletwa kwa bodaboda Jumamosi saa nne usiku, nani yuko maabara?